Mhunzi na Mjusi wa Tendaguru: Chuma Kinavyotufundisha Mifupa

Katika ukumbi mkubwa wa Makumbusho ya Historia Asilia mjini Berlin, Ujerumani, amesimama mnyama aliyetoka Tendaguru, Lindi, nchini Tanzania. Wanasayansi humwita Giraffatitan. Watanzania wengi wanamjua kama mjusi wa Tendaguru. Kimo chake ni mita 13.27, na anatambuliwa kuwa kiunzi kirefu kuliko vyote vya dinosaria vilivyosimamishwa kwa mifupa halisi. Mtazamaji huondoka akiamini kwamba alichokiona ni mfupa mtupu uliofukuliwa ardhini, lakini sehemu kubwa ya kazi ile imefanywa na mikono ya watu. Pingili za shingo na mgongo zilizopo pale juu ni za kuchongwa, kwa kuwa zile halisi ni nzito na dhaifu mno kuning'inizwa hewani. Fuvu lililo juu ya shingo ni nakala, na lile la asili limehifadhiwa mahali pengine. Baadhi ya mifupa imetoka kwa wanyama wengine wa aina hiyohiyo. Kisha vyote hivyo vinabebwa na chuma kilichopindwa na kuunganishwa na mafundi ambao majina yao hayasomwi na mgeni yeyote.

Hali hiyo si kasoro ya Berlin. Ndivyo elimu ya dinosaria ilivyo kila mahali: kati ya jiwe lililochimbwa na mnyama tunayemwona akisimama, kuna mtu aliyelazimika kuamua. Hoja ya makala haya ni kwamba fundi anayetengeneza kiunzi cha dinosaria kwa chuma, kwa mkono, mfupa baada ya mfupa, anaweza kuwa anafanya kazi ya sayansi kamili. Chuma humlazimisha ajibu maswali ambayo picha na maelezo huyaruka. Na ikiwa hivyo ndivyo, basi nchi yenye mifupa ardhini na wahunzi mitaani haina sababu ya kuiachia kazi hiyo Ulaya na Marekani peke yake.

Tuanze na ugumu wenyewe. Mchimbaji hapati kiunzi, anapata vipande. Tyrannosaurus aitwaye Sue, aliyegunduliwa Dakota Kusini, Marekani, mwaka 1990, ni miongoni mwa dinosaria wakubwa waliopatikana wakiwa wamekamilika zaidi, na hata yeye amefikia takriban asilimia 90 tu ya mifupa yake kwa ujazo. Wengine wengi wanajulikana kwa paja moja, pingili chache na kipande cha taya. Hata kilichosalia hakikusalia salama, maana uzito wa mashapo katika mamilioni ya miaka hubana fuvu likabapa na kuupinda ubavu usirudi. Juu ya hayo, gegedu zilizokuwa kati ya mfupa na mfupa huoza mapema, zisiache alama ya unene wake. Mtu anayepanga mkia wenye pingili 40 akikosea nusu sentimita tu katika kila kiungo, mkia mzima utarefuka au kufupika kwa sentimita 20. Kwa hiyo umbali kati ya mfupa na mfupa ni uamuzi, na uamuzi huo unahitaji sababu. Mchoraji anaweza kuuficha chini ya ngozi na kivuli. Mhunzi hana pa kuuficha, kwa sababu ni lazima achomelee mahali fulani.

Anayeijua kazi hii huanzia nyongani, mahali ambapo nguvu zote za mwili hukutana. Nyonga ya dinosaria ina alama inayoitofautisha na ya mjusi au mamba: tundu la kiungo cha paja limetoboka hadi upande wa pili, na kichwa cha mfupa wa paja kimepinda kuelekea ndani, karibu kwa pembe mraba. Mpangilio huo huuweka mguu chini ya mwili ukiwa wima, badala ya kuutanua kando. Mtu anaweza kuisoma sentensi hiyo mara mia asiielewe kwa mwili wake. Lakini fundi aliyekata bamba la nyonga, akatoboa tundu lake, kisha akaupasha moto mwisho wa bomba la paja ili afue kichwa chake, anaielewa mara ya kwanza anapojaribu kuvilinganisha. Pembe ikikosewa, goti linatoka nje, unyayo haufiki sakafuni, na mguu wa pili haulingani na wa kwanza. Chuma kimemkatalia, naye amejifunza kwa nini kundi hili la wanyama liliweza kubeba miili mikubwa kiasi kile.

Mbavu zinafundisha jambo jingine. Kila ubavu wa kifua una vichwa viwili vinavyoshika pingili mahali pawili, na nafasi ya pawili hapo ndiyo inayoamua ubavu uelekee wapi. Msanii anayetafuta pambo tu huchomelea ubavu katika nukta moja, na kifua kinatoka kimefura kama pipa. Anayefuata mfupa hupata mbavu zilizolala kuelekea nyuma, kifua chembamba chenye kina, na bega linalokaa mahali pake bila kulazimishwa. Mikono ya Tyrannosaurus nayo haikuweza kugeuza viganja viangalie chini, kwa jinsi mifupa ya kigasha na kifundo ilivyokutana; viganja vilitazamana. Katika dinosaria wakubwa wenye shingo ndefu, mifupa ya kiganja cha mbele ilisimama wima ikiwa imepangwa nusu duara, ikabeba uzito wa mwili. Ukweli huu wote umo vitabuni. Tofauti ni kwamba kitabu humruhusu msomaji asiujali, ilhali koleo na nyundo havimruhusu.

Maada yenyewe pia ina somo lake. Mwaka 1638 Galileo alieleza kwamba mnyama hawezi kukuzwa tu mifupa yake ikabaki na umbo lilelile. Ukiongeza urefu mara mbili, eneo la mkato wa mfupa huongezeka mara nne, lakini uzito unaobebwa huongezeka mara nane. Mfupa usiponenepa, utavunjika. Mhunzi hukutana na kanuni hiyo kwa ukali zaidi, kwa kuwa chuma ni kizito karibu mara nne kuliko mfupa mbichi wenye ujazo uleule. Akifua kila mfupa kwa chuma kizima, kiunzi kitajivunja chenyewe. Hana budi kutumia mabomba na mabamba membamba yaliyokunjwa yakaacha uwazi ndani. Anapotafuta mahali pa kuweka bamba na mahali pa kuliondoa, anajikuta akitembea katika njia iliyopitiwa na maumbile miaka milioni 150 iliyopita. Pingili za Giraffatitan na jamaa zake zilikuwa na mashimo ya hewa pembeni, na kati ya mashimo hayo kulikuwa na kuta nyembamba za mfupa zilizofuata mistari ya nguvu, kutoka kwenye viungo hadi kwenye kiini cha pingili. Shingo ya mita kadhaa iliweza kunyanyuka kwa sababu ilikuwa nyepesi bila kuwa dhaifu. Fundi aliyepunguza uzito wa pingili ya chuma hadi ikaweza kusimama ameelewa sababu ya kuta zile.

Tuchukue mfano mmoja mahususi, na uwe wa Lindi. Kentrosaurus aethiopicus, aliyeelezwa kisayansi na Edwin Hennig mwaka 1915 kutokana na mifupa ya Tendaguru, alikuwa mla majani mwenye urefu wa mita nne na nusu hivi, mwenye vibamba juu ya shingo na sehemu ya mbele ya mgongo, na miiba mirefu kuanzia katikati ya mgongo hadi mkiani. Pamoja na hiyo alikuwa na mwiba mmoja wa pembeni kila upande. Hapo ndipo swali linapozaliwa: mwiba huo ulikaa wapi? Awali uliwekwa nyongani. Baadaye, jamaa zake walipopatikana huko China wakiwa na mwiba begani, wataalamu wengi waliuhamishia begani. Mhunzi anayemtengeneza Kentrosaurus hawezi kusema kwamba wataalamu wanatofautiana, akaishia hapo. Akiuchomelea begani, atalazimika kuona kama kombe la mkono lina nafasi ya kuubeba na kama mguu wa mbele bado unaweza kusogea. Akiuchomelea nyongani, atauliza kama unauachia mkia njia unapochapa kushoto na kulia. Kila chaguo lina gharama inayoonekana. Swali lililokuwa la kitabuni limegeuka swali la nafasi, pembe na mwendo, na hayo ni maswali yanayoweza kupimwa.

Historia ya elimu hii inatoa ushahidi kwamba mabishano makubwa yamewahi kuamuliwa kwa njia hiyo ya kupanga mifupa na kuona inachokubali. Mwaka 1905 nakala ya plasta ya Diplodocus, zawadi ya tajiri Andrew Carnegie, ilizinduliwa London, na nakala nyingine zikafuata katika miji mingine ya Ulaya. Zote zilisimama kwa miguu iliyonyooka. Muda mfupi baadaye Oliver Hay nchini Marekani na Gustav Tornier nchini Ujerumani walidai kwamba mnyama huyo alikuwa mtambaazi, hivyo alipaswa kulala tumbo karibu na ardhi, viwiko na magoti nje, kama mamba. Ilikuwa hoja yenye mantiki kwenye karatasi. William Holland wa makumbusho ya Carnegie aliijibu mwaka 1910 kwa kuipanga mifupa kama walivyotaka wao. Viungo vilitengana, na kifua kilikuwa na kina kirefu hivi kwamba mnyama angehitaji handaki la kupitisha mbavu zake kila anapotembea. Miaka mingi baadaye, mwaka 1938, Roland Bird alichunguza nyayo za dinosaria wa kundi hilo huko Texas, na njia ya nyayo ilikuwa nyembamba, ushahidi kwamba miguu ilikuwa chini ya mwili. Nyayo zilithibitisha kile ambacho mpangilio wa mifupa ulikuwa umekwisha kukionesha.

Pingamizi la kwanza, na zito kuliko yote, linatokana na historia hiyohiyo. Wachongaji wamekosea mara nyingi, na makosa yao yameganda vichwani mwa watu kwa vizazi. Mwaka 1854 Benjamin Waterhouse Hawkins, akiwa na mwongozo wa wanasayansi wa wakati wake, alijenga sanamu za dinosaria katika bustani ya Crystal Palace, London. Iguanodon wake alikuwa mnene, wa miguu minne, mwenye pembe puani. Mwaka 1878 makumi ya Iguanodon waliokamilika walipatikana ndani ya mgodi wa makaa ya mawe huko Bernissart, Ubelgiji, na ikadhihirika kwamba ile pembe ilikuwa mwiba wa kidole gumba. Lakini Louis Dollo na mafundi wake, wakimtazama kangaruu, waliwasimamisha wima huku mkia ukiburuzwa. Ili mkia ukae hivyo ulilazimishwa upinde mahali ambapo kano zilizogeuka mfupa zisingeuruhusu, kosa lililowekwa bayana na David Norman karne moja baadaye, mwaka 1980. Tyrannosaurus wa New York aliyesimamishwa mwaka 1915 alibaki wima, mkia chini, hadi miaka ya 1990. Basi kuna haki ya kuuliza: je, kuongeza viunzi vya mkono si kuongeza makosa?

Jibu langu ni kwamba makosa hayo yalipatikana kwa sababu yalikuwa yamesimama mbele ya watu. Norman aliweza kusema mkia umevunjwa kwa kuwa ulikuwepo mkia wa kutazama, wenye pembe inayopimika. Dhana iliyobaki katika maneno huweza kukwepa hukumu kwa kubadilishwa kidogo kila inapobanwa; dhana iliyosimamishwa kwa chuma haiwezi. Hata mjusi wa Tendaguru mwenyewe, aliyezinduliwa Berlin mwaka 1937, alivunjwa na kupangwa upya, akafunguliwa tena mwaka 2007 akiwa na miguu ya mbele iliyonyooka na mkia ulionyanyuka, kwa mujibu wa utafiti mpya. Sue naye alipangwa upya mwaka 2018, safari hii akiwa na mifupa ya tumbo ambayo awali haikuwekwa, na umbo lake likaonekana nene zaidi. Chuma hukubali marekebisho kuliko maada nyingi: kiungo hukatwa, hupashwa moto, husogezwa, huchomelewa tena. Kinachotakiwa ni uaminifu. Mifupa inayojulikana itiwe rangi moja, iliyokisiwa kwa kulinganisha na jamaa wa karibu itiwe nyingine, na iliyobuniwa kabisa ijulikane kwa macho. Mtazamaji ataona mnyama, na papo hapo ataona mpaka wa maarifa yetu. Mifupa ya plasta iliyopakwa rangi ifanane na mawe haimpi nafasi hiyo.

Pingamizi la pili ni la zama hizi. Leo mfupa hupigwa picha za kidijitali kutoka kila upande na kuchapishwa kwa mashine kwa usahihi ambao hakuna mkono unaoweza kuufikia. Mwaka 2024 Makumbusho ya Historia Asilia ya London ilizindua bustanini Diplodocus wa bronzi aitwaye Fern, aliyetokana na vipimo vya kidijitali, anayesimama bila nguzo za nje za kumtegemeza. Ni kazi inayostahili heshima. Lakini mashine hunakili kilichopo pamoja na ubapa wake, nyufa zake na mapengo yake. Mfupa usiopatikana haupigwi picha. Kompyuta pia huruhusu mifupa miwili ikae mahali pamoja bila kulalamika, isipokuwa mtu amekumbuka kuizuia. Sikatai thamani ya njia hiyo: mtafiti Heinrich Mallison alitumia modeli ya kidijitali ya Kentrosaurus kuchunguza mwendo wa viungo vyake na kukadiria kwamba kitovu cha uzito kilikuwa nyuma, karibu na nyonga, kwa sababu ya mkia mrefu. Hicho ni kipimo ambacho chuma hakiwezi kukitoa. Ninachokitetea ni kwamba mkono na kompyuta hujibu maswali tofauti. Vipimo vya kidijitali vimpe mhunzi namba. Mhunzi ampe mtafiti kitu kinachoweza kuzungukwa, kusukumwa na kukosolewa na watu kumi kwa wakati mmoja.

Ni lazima pia tukiri mpaka wa ushahidi wa chuma, tusije tukadai kisichokuwepo. Kiunzi cha chuma kinachosimama kwa uwiano mzuri hakithibitishi kwamba mnyama alisimama hivyo, kwa kuwa misuli, matumbo na hewa ya mapafu havimo. Tyrannosaurus wa chuma anaweza kuinuliwa kifua kwa sababu tu fundi ameweka bomba nene mguuni. Chuma kinaonesha kisichowezekana kwa mifupa: kiungo kinachotengana, ubavu unaogonga bega, goti linalopinda mahali pasipo na kiungo. Kuhusu kilichotokea kweli, inabidi tuulize nyayo, alama za misuli juu ya mifupa, na wanyama walio hai, hasa ndege na mamba walio ndugu wa karibu wa dinosaria. Lakini kuondoa kisichowezekana ni nusu kubwa ya kazi ya sayansi, na fundi makini anaifanya kila siku bila kuiita hivyo.

Wapo watakaosema kwamba hiyo bado ni sanaa, na kwamba sanaa ina uhuru wa kupuuza mifupa. Sanaa ina uhuru huo, na matokeo yake mara nyingi yanapendeza. Jim Gary wa Marekani alijenga dinosaria kwa vipuri vya magari chakavu, na mwaka 1990 kazi zake ziliingia katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington. Nchini Kenya, Kioko Mwitiki alijipatia jina kwa tembo na wanyama wengine wa porini waliotengenezwa kwa vyuma chakavu. Kazi hizo zinatuonesha jambo la maana: jicho la binadamu linakubali kuwa kitu ni hai pale uwiano wake unapokuwa sahihi, hata kama ngozi ni kipande cha injini. Kinachoipa sanamu uhai ni urefu wa paja ukilinganishwa na muundi, mahali kifundo kinapopinda, na mstari wa mgongo unaoonesha uzito umelala wapi. Vyote hivyo ni anatomia. Kwa hiyo mchongaji anayetaka kiunzi kinachofanana na kilicho hai na mtafiti anayetaka kiunzi sahihi wanaelekea mahali pamoja kwa muda mrefu wa safari. Wanatengana pale tu mmoja anapoamua kupendeza dhidi ya ushahidi, na hapo inafaa mtafiti awe karibu kusema hapana.

Sasa pingamizi linaloigusa Tanzania moja kwa moja. Kati ya mwaka 1909 na 1913, msafara wa Wajerumani ulioongozwa mwanzoni na Werner Janensch na Hennig ulichimba Tendaguru kwa nguvu za mamia ya wafanyakazi Waafrika. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa na wapagazi, vichwani na mabegani, kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, katika nchi ambayo ilikuwa bado na majeraha ya vita vya Maji Maji. Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, alikuwa na ujuzi ambao mafanikio ya msafara ule yaliutegemea. Jina lake liliingia katika sayansi mwaka 2007 tu, dinosaria mmoja wa Tendaguru alipoitwa Australodocus bohetii. Mjadala wa kurudishwa kwa mifupa hiyo umeendelea kwa miaka mingi, na anayesikia habari za kiunzi cha chuma anaweza kushuku kwamba anapewa nakala ili anyamaze kuhusu asili. Shaka hiyo ina msingi, nami naipinga nakala yoyote itakayotumika kwa lengo hilo. Dai la mifupa ni dai la haki na historia, na lisimame lenyewe. Chuma kina kazi nyingine: kuwapa watoto wa Lindi ujuzi wa kuisoma mifupa, ili siku ikirudi, au wao wakienda kuikagua ilipo, wawe na macho ya wataalamu. Nchi inayodai urithi wake huku ikiwa na vijana wanaoujua kwa undani inasikilizwa zaidi.

Kuhusu gharama na uwezo, naona wasiwasi umezidi ukubwa wa tatizo. Mwezi Oktoba 2020 kiunzi cha Tyrannosaurus aitwaye Stan kiliuzwa kwa mnada kwa dola za Marekani milioni 31.8, na mwezi Julai 2024 Stegosaurus aitwaye Apex akauzwa kwa dola milioni 44.6. Bei hizo zinaziondoa nchi zetu sokoni, pamoja na makumbusho mengi ya nchi tajiri. Chuma hakina soko la aina hiyo. Kentrosaurus wa mita nne na nusu anaingia ndani ya karakana ya kawaida ya kuchomelea. Nondo, mabomba na mabamba yanayohitajika yanauzwa katika kila mji, na mafundi wa Gerezani jijini Dar es Salaam au wa Kamukunji jijini Nairobi hukunja, hufua na kuchomelea vitu vigumu kila siku. Wanajua tayari kwamba mshono wa moto ukipoa hunywea na kuvuta chuma upande wake, kwa hiyo kiungo hushikizwa kwa nukta kwanza, hukaguliwa, ndipo huchomelewa moja kwa moja. Ufuaji wa chuma katika eneo la Maziwa Makuu una umri wa zaidi ya miaka 2,000. Hewa ya chumvi ya pwani italeta kutu, lakini kutu huzuiwa kwa rangi ya zinki na matunzo ya kila mwaka, mradi zinki ipakwe baada ya kuchomelea, maana ikichomwa moshi wake hudhuru mapafu. Kinachokosekana ni vipimo sahihi mikononi mwa fundi, na mtaalamu wa mifupa aliye tayari kukaa naye karakanani.

Upungufu huo unaweza kuzibwa kwa uamuzi. Vyuo vikuu vyenye idara za jiolojia na zoolojia vitoe michoro yenye vipimo vya kila mfupa wa Kentrosaurus unaojulikana, kwa Kiswahili, na viombe data kutoka Berlin kama sehemu ya ushirikiano wa kisayansi. Vyuo vya ufundi stadi viufanye ujenzi wa kiunzi chake kuwa zoezi la mwaka wa mwisho, ambapo kila mwanafunzi anapewa mifupa yake na kulazimika kueleza kwa nini ameipinda hivyo. Makumbusho ya Taifa isimamie rangi za kutenganisha kinachojulikana na kinachokisiwa, na iandike pembeni majina ya mafundi, sambamba na ya wanasayansi. Kisha kiunzi kisimamishwe Lindi, mahali ambapo mifupa yenyewe ilipita ikielekea melini. Wenye mamlaka ya elimu na utamaduni wanaosoma makala haya wana kila kitu kinachohitajika kuanza: mnyama ni wetu, chuma kipo, mafundi wapo. Kazi ianze.